Kufuli kwenye Njia ya Baba

Kambini kwenye bwawa, 9 Machi

Dada yangu,

Najua hukutegemea barua kutoka kwangu, lakini ndiyo hii. Ikikukuta na unga hadi viwikoni, futa mikono kwanza. Huku hatujambo. Wifi yako kikohozi kimemwachia, na ameanza kugombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo nadhani amepona kabisa. Mimi bado niko juu ya kreni kutwa, nanyanyua saruji na kuitua, na jioni nikishuka vumbi linanitoka hadi masikioni. Shangazi je? Alikubali kufanyiwa upasuaji wa macho, au bado anawakimbia madaktari?

Naandika kwa sababu simu zangu huzipokei tangu tulipokatiana siku zile za msiba. Haya. Barua za huku huja na lori la vyakula, na lori likikwama kwenye tope barua nazo zinakwama. Nikichelewa kujibu usianze kunitungia makosa.

Sasa nieleze jambo moja. Bibi Fimbo, yule mkunga mstaafu anayewaongoza watembeaji wa asubuhi, ameniandikia kwamba umeziba njia. Anasema umeweka lango la chuma nyuma ya tanuri, pale wanapoingilia kupanda kilima, na juu yake kufuli. Kwanza nilicheka. Nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa, ameona lango la mtu mwingine.

Dada, njia ile baba aliichimba kwa jembe lake, baada ya daktari kumwambia achague kati ya kutembea na kupooza. Watu wakaanza kumfuata mmoja mmoja, wenye presha, wenye sukari, na wengine waliotaka tu kuona miti. Wewe mwenyewe ulikuwa unawauzia mikate ya moto wakishuka. Mimi kila nikija likizo napanda nao. Hata sasa nikifumba macho namwona mzee amekaa kwenye lile jiwe kubwa, kofia usoni, chini ya kibao chake cha HAPA HATUSEMESHANI. Dalali wa mnada aliyepiga kelele maisha yake yote, akistaafu anataka kimya, na watu wazima wanamtii. Wanapunga mkono, wanapita kwa kunyata. Ukithubutu kumwamkia unafukuzwa na kofia hiyo hiyo.

Hatujamaliza hata mwaka tangu atutoke, na wewe unafunga. Naomba ulifungue hilo lango, kisha unieleze ulikuwa na maana gani.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua imefika, na kona moja imeliwa na panya wa lori lenu, ila matusi yote yalisomeka. Nashukuru wifi amepona. Mwambie kamba ya nguo asiiachie.

Shangazi amepasuliwa macho yote mawili na sasa tumekwisha. Miaka yote alikuwa akija kwangu anasifu usafi. Juzi amekaa kwenye kiti kile kile akauliza kama dari yangu huwa inapakwa masizi kwa makusudi. Tanuri limepata ufa upande wa kushoto, mikate ya upande huo inaungua kisogo. Nimeliziba kwa udongo, tutaona.

Kuhusu lango, limefungwa na litabaki limefungwa. Sababu ninayo na inanitosha.

Lakini kuna lililonichoma zaidi ya maswali yako. Bibi Fimbo huniona karibu kila siku. Tukikutana dukani ananiuliza habari za unga. Malalamiko yake akayachukua, akayafunga kwenye bahasha, akayapeleka kwako huko mwisho wa dunia. Kwa nini? Kwa sababu una ndevu. Mimi niliyemwogesha baba alipovunjika mkono, mimi ninayelala kwenye nyumba hii na kuamka kwenye nyumba hii, ni mpika mikate tu. Mwenye neno ni wewe unayekuja likizo na begi la nguo chafu.

Na jambo jingine, nakuomba kwa upole uliobaki. Hayo ya baba kwenye jiwe, na kofia, na kibao, usiniandikie tena. Andika habari nyingine zozote utakazo.

Ulipotakiwa hapa kwa mazishi, barabara ilikatika. Nilikuelewa. Basi na mimi nielewe hivyo hivyo, bila maelezo.

Dada yako

*

Kambini, 27 Aprili

Dada,

Salamu nyingi, na pole kwa tanuri. Ufa huo usiuzibe kwa udongo mtupu, changanya na majivu. Mwambie shangazi nimefurahi kwamba anaona, na kwamba siji likizo mpaka upake dari rangi.

Wifi yako amenisihi nisikujibu nikiwa na hasira. Nimesubiri, nimekunywa chai, nimesoma tena barua yako, na hasira iko pale pale.

Unasema sababu unayo na inakutosha. Mimi hainitoshi. Hiyo ni njia ya baba yetu sote wawili. Unajua wanatembea wapi siku hizi? Barabara kuu, kati ya malori, hakuna hata pa kukanyaga. Bibi Fimbo anasema yule fundi magodoro mwenye sukari alikoswakoswa na lori la mchanga, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hajatoka tena. Mguu umeanza kumvimba. Huyu ni mtu ambaye baba alimtoa kitandani akamfundisha kupanda kilima, leo hatua mbili, kesho nne. Unamrudisha kitandani kwa kufuli.

Na nikuambie ambalo sikutaka kukuambia. Mganga wa kambi amenipima. Presha ya baba nimeirithi yote. Naambiwa nitembee. Natembea jioni juu ya ukingo wa bwawa, upande mmoja zege, upande mwingine matope, na kinachonivumilisha ni wazo kwamba mwisho wa mwaka nitakuwa pale nyumbani, nitapanda chini ya miti kama mtu. Sasa naambiwa na pale pamefungwa.

Kuna watu wanasema unataka kuongeza banda la mikate hadi kwenye njia. Sikutaka kuamini. Lakini mtu anayeficha sababu, watu watamtafutia.

Kwa hiyo nimefanya hivi, na nakujulisha mapema usije ukasema nilikuzunguka. Nimemwandikia Bibi Fimbo. Nimempa ruhusa, mimi mtoto wa kiume wa marehemu, alete fundi akate hilo kufuli. Ukikasirika, kasirika.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 19 Mei

Wewe,

Leo salamu ni fupi. Shangazi mzima. Tanuri zima, nililiziba kwa udongo na majivu kama ulivyosema. Vingine vyote si vizima.

Walikuja. Nilikuwa natoa mikate ya kwanza, nikasikia viatu. Bibi Fimbo mbele na fimbo yake, nyuma watembeaji wake wamevaa kofia na chupa za maji kiunoni, na fundi wa kuchomelea na msumeno wake wa chuma. Yule yule niliyemlipa kutengeneza lango, amekuja kulikata. Nikasimama mbele ya lango na beleshi la mikate. Bibi Fimbo akafungua barua yako akaisoma kwa sauti uani kwangu, mbele ya wateja. "Mimi mtoto wa kiume wa marehemu." Alilirudia hilo mara mbili, eti hakuwa amelisoma vizuri.

Bado nilikuwa nimenyamaza. Sikiliza vizuri, mpaka hapo nilikuwa nimenyamaza. Ndipo mmoja wao, simjui hata jina, akasema, "Mama, mzee angekuwepo angehuzunika sana."

Basi nikawaambia. Na kwa kuwa wote wanajua sasa, na wewe ujue.

Baba hakufia kitandani. Nilikuambia amefia usingizini kwa sababu ulikuwa unalia kwenye simu na nilikuonea huruma. Asubuhi ile alitoka kama kawaida kabla mikate haijaiva. Mimi nilikuwa na mikate ya harusi ya watu, sikuinua kichwa. Watembeaji walipanda, wakashuka, wakanunua, wakaniambia mzee yuko juu jiweni, amepumzika vizuri leo. Wakaenda makwao. Jua likawa kali, yeye hashuki. Nikafunga mkate kwenye kitambaa nikamfuata.

Amekaa. Mgongo kwenye jiwe, kofia usoni, kama ulivyoandika wewe kwa raha zako. Mkono mmoja umeshika majani, umeyashika kwa nguvu, mpaka tulipombeba, mimi na daktari niliyemsihi aseme amefia ndani, majani yaling'oka naye. Alikuwa amekwisha poa. Daktari alisema ni moyo, na alisema haukusimama papo hapo. Alikaa pale anapigana nao, muda gani hajui, na watu wanapita.

Na kwenye viatu vyake palikuwa na machungwa. Machungwa mawili, na ndizi, na pipi za tangawizi kwenye karatasi. Unajua walivyokuwa wakimwekea vitu. Waliinama mpaka miguuni kwake, wakaweka chungwa polepole lisije likamsumbua, wakainuka wakaendelea na mazoezi yao. Kuinama na kuinuka kunasaidia kiuno, nasikia. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mzee, vipi?" Hatusemeshani. Kibao kimekataza.

Hao ndio unaotaka niwafungulie wapite kila asubuhi nyuma ya tanuri langu, wakinipungia mkono kwa afya njema.

Nilipomaliza wakageuka mmoja mmoja. Fundi alikuwa amesahau msumeno, akarudi kuuchukua bila kuniangalia. Bibi Fimbo aliondoka wa mwisho, barua yako ameikunja ndogo kabisa mkononi.

Banda la mikate, unasema. Usiniandikie tena mpaka uwe umelia vya kutosha.

Dada yako

*

Kambini, 14 Juni

Dada,

U mzima? Sisi wazima. Wifi yako anakukumbatia. Mimi nimekaa siku nzima ndani, msimamizi amempandisha mtu mwingine kwenye kreni kwa sababu jana nilitua saruji mahali pasipo pake.

Usifungue. Unanisikia? Ongeza kufuli la pili. Panda miba upande wa juu wasije wakazunguka. Kile kibao king'oe ukitie kwenye tanuri, na ukimaliza mwite fundi yeyote mwenye nyundo kubwa alipasue lile jiwe. Waache wakatembee barabara kuu, lori likimkosa mmoja limpate mwingine.

Nimemwandikia Bibi Fimbo. Niliyomwandikia, marehemu mama angenifinya midomo kwa ajili yake. Mkunga. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutazama kama kiumbe kinapumua. Anapita mbele ya baba yangu anatazama kofia.

Nataka majina. Niandikie kila aliyepita asubuhi ile, yule wa machungwa, yule wa ndizi, yule wa pipi. Nataka kumwandikia kila mmoja barua yake peke yake. Kama kuna wa kushtakiwa nimshtaki, na kama sheria haina habari nao basi angalau wasome.

Na wewe pia nina neno nawe. Kwa nini ulinidanganya? Nimekaa miezi yote hii namwona baba amelala kwenye shuka safi, anapumua polepole, anaacha. Nilikuwa nasali kwa ajili ya kitanda. Kama ungeniambia ukweli siku ile, kwamba mzee amekufa juu ya kilima peke yake kama mbwa, ningekuja. Barabara ingekatika isikatike, ningekuja kwa magoti.

Majina, Dada. Kwa lori la kwanza.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 8 Julai

Mdogo wangu,

Pole kwa habari ya kreni. Mwambie wifi nimelipokea kumbatio lake na ninalihitaji. Shangazi anakusalimu, amejua yote, alikuwa nyuma ya pazia siku ile na macho yake mapya. Mvua zimekwisha huku.

Lango liko wazi. Lilikuwa wazi hata kabla hujaandika hayo ya miba.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya kusomwa kwa barua yako. Nimeamka kuwasha tanuri nikamkuta Bibi Fimbo amekaa chini, nje ya lango, kwenye mchanga wenye umande. Nikamwambia aondoke. Hakuondoka. Nikakanda unga, nikamkuta yupo. Nikaenda nikamwambia sina la kusikia kutoka kwake. Akasema, "Machungwa yalikuwa yangu."

Akasema aliinama akanong'ona, "Mzee leo umelala kweli," akasubiri kidogo, akataka kumgusa bega. Mkono ulikuwa umeshafika njiani. Akaogopa kufukuzwa kwa kofia mbele ya watu. "Nimeshika watu waliotapakaa damu bila kuogopa," akasema, "nikaogopa kibao cha dalali."

Nilimtukana. Sitakuandikia niliyosema. Nilimtukana mpaka sauti ikakauka na mikate yote ya asubuhi ikaungua, na wateja wakawa wanarudi mlangoni bila kuuliza. Hakujitetea. Hakuniomba msamaha pia, na hilo ndilo lililonifanya nimsikilize, maana msamaha ningemrushia usoni. Nikachoka. Nikamwambia sasa nenda nyumbani. Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Hakuwa ametembea na wenzake tangu siku ile, na kule kujikokota hadi langoni kulikuwa kumeijaza miguu maji.

Ningemfanya nini? Nikafungua lango, nikamwinua. Kwake ukizunguka barabarani ni mbali, ukipanda kwa njia ya baba ni hapo tu. Tukapanda. Sikuwa nimekanyaga pale tangu siku ile. Majani yamefunika njia nusu, mizizi imejitokeza, tulishikana mikono kama vipofu wawili. Tulipofika jiweni nilikuwa nahema, na nililia kwa sauti ya kusikika hadi chini, na yeye akalia, kisha tukapumzika kwa sababu kilima ni kirefu. Ndege walikuwa wengi. Nilikuwa nimesahau kwamba pale juu kuna upepo mzuri hivyo.

Kibao nimeking'oa. Kwenye tanuri sikukitia, rangi ingenuka kwenye mikate. Wanapita sasa kila asubuhi, na fundi magodoro yumo, anavuta mguu na kulalamika njia nzima. Wanaongea mno. Anayekaa jiweni anaulizwa hali na kila anayepita, hata kama amefunga kamba ya kiatu tu. Nimewaambia atakayempita mtu aliyekaa bila kumsemesha hapiti tena kwangu. Bado nikiwatazama wakishuka kuna asubuhi nawachukia. Nawauzia mikate nikiwachukia. Siku nyingine sikumbuki.

Lakini hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya pande mbili, yao na yako, na yao nimeipunguza. Iliyobaki ni yako.

Unasema ungejua alivyokufa ungekuja kwa magoti. Nimeusoma mstari huo mpaka nimeuchoka. Kumbe baba aliyefia usingizini si wa kuzikwa na mwanawe? Nilikuambia amekufa. Nilidhani hilo linatosha mtu kupanda gari. Barabara ilikatika, unasema, na mimi nilinyamaza, lakini wenzako wawili wa kambi walifika makwao wiki ile ile kwa barabara hiyo hiyo. Mke wa mmoja hununua mikate kwangu. Nilimpimia mikate yake, nikamrudishia chenji, nikamwambia asante.

Nilimzika baba na majirani. Wengi wao ni hao hao unaowataka majina. Walichimba, walibeba, walipika kwa zamu. Bibi Fimbo alinilalia miguuni usiku wote nisiamke peke yangu.

Unataka orodha ya waliompita. Kaa chini uiandike mwenyewe, na uanze na jina lako.

Dada yako

*

Kambini, 30 Julai

Dada,

Natumaini nyote wazima.

Lori linaondoka alfajiri na nimo ndani yake. Wifi yako amenifungia nguo, safi safari hii. Bibi Fimbo nimemwandikia tena, karatasi moja, usimuulize.

Habari ya barabara sitaiandika. Nitaisema mbele yako na unijibu utakavyo, hata mbele ya wateja. Na mimi pia bado nina yangu, kuhusu kitanda kile na shuka, kwa hiyo tayarisha meza tugombane tumekaa.

Nitashuka kule chini barabara kuu na kupanda kilima kwa upande wa nyuma, ule wa kwa Bibi Fimbo. Usije kunipokea. Nataka kupita jiweni kwanza, nikae.

Nikichelewa kushuka, njoo.

Mdogo wako